Morisi, Reunion au Ngazija? Uliza kwanza kisiwa kina umri gani

Julai ya Nairobi mwaijua. Wiki tatu jua halijatoka sawasawa, na kwenye kikao cha chama chetu pale South B kila mtu alikuja na shuka mabegani. Nadhani baridi hiyo ndiyo iliyotuamulia. Akiba ya miaka miwili, iliyokuwa inunue viti na hema za kukodisha, ikapigiwa kura kwenda baharini. Sharti likawa moja: kiwe kisiwa, kiwe na jua, na kiwe na mlima wa volkeno. Diani na Lamu tumeshafika, na Longonot tumeupanda mpaka tunawajua walinzi wa geti.

Maelewano yakaishia hapo. Dada yangu mkubwa akataka Morisi, alale ufuoni asiulizwe kitu. Shemeji, ambaye wikendi haimkuti Nairobi kwa ajili ya milima, akataka Reunion. Mimi nikataka Ngazija, kule Komoro, na sikuficha. Mweka hazina alitaka tu kujua itagharimu ngapi. Kwa kuwa nimewahi kufika kote kutatu, wakanitwika kazi ya kuandika ulinganisho: Morisi nilienda kwa kazi, Reunion kwa pesa zangu na machungu yangu, Ngazija mara mbili kwa sababu mama yetu mdogo ameolewa na Wangazija wa Mombasa. Basi huu hapa, na usidhani hauna upande.

Umri kwanza, picha baadaye

Watu huchagua kisiwa kwa picha. Mimi nasema uliza umri wake, maana kisiwa cha volkeno huzaliwa, hukua na kuzeeka, na likizo unayoipata inategemea umefika kikiwa na umri gani.

Kikiwa kichanga, mlima ni mrefu, mawe ni meusi na makali, na ardhi inashuka ghafla mpaka baharini. Matumbawe bado hayajapata muda wa kujenga, kwa hiyo mchanga mweupe ni wa kutafuta na mawimbi yanakuja na nguvu zao zote. Kikizeeka, mvua imeutafuna mlima, kisiwa chenyewe kimezama kidogo kidogo kwa uzito wake, na matumbawe yamejenga ukuta kukizunguka. Kati ya ukuta na ufuo maji yanatulia kama ya beseni. Mchanga mweupe unaouona kwenye kadi za posta si wa volkeno hata kidogo; ni matumbawe na makombora yaliyosagika. Mchanga wa volkeno ni mweusi, na adhuhuri unachoma nyayo kama sufuria.

Kwa hiyo mwenye watoto wa kuogelea anatafuta kisiwa kizee. Anayetaka mlima ulio hai anatafuta kichanga. Anayetaka vyote viwili kwa tiketi moja ajue mapema kwamba kimoja kitakuwa pungufu.

Morisi ni mzee wa miaka kama milioni 8, na moto wake umezimika. Reunion, iliyo kama kilomita 200 kusini-magharibi, ni kama mdogo wake wa damu: chanzo kile kile cha joto chini ya sakafu ya bahari ndicho kilichovizaa vyote viwili, ila sakafu ilisogea na chanzo kikabaki pale pale. Ngazija ni wa ukoo mwingine, na ndiye kitinda mimba katika visiwa vinne vya Komoro. Kifungua mimba ni Maore (Mayotte), na ukiona picha yake kutoka angani utaelewa ninachosema, kwa jinsi kilivyozungukwa na maji ya kijani yaliyotulia ndani ya ukuta mpana wa matumbawe. Ngazija hana utajiri huo.

Kuna aliyeuliza kikaoni kwa nini Shelisheli haimo. Kwa sababu Mahé na Praslin ni visiwa vya itale, jiwe la kale la bara lililoachwa baharini. Fukwe zake ni nzuri kupita kiasi, lakini kwa sharti letu la volkeno hazikufuzu. Na wale wenye ndugu Ulaya wanaosifiwa Tenerife na Lanzarote, kanuni ni ile ile: Teide ina mita 3,715, na Lanzarote ilichomwa na lava kuanzia 1730 hadi 1736 mpaka leo karibu robo yake inaonekana kama jivu la jiko. Ila kutoka Nairobi huko ni kupita Ulaya nzima kutafuta jua. Tuliliondoa mezani.

Morisi: hapa utapumzika, ukitaka au usitake

Sina mengi ya kusema juu ya Morisi kwa sababu haisumbui, na jambo lisilosumbua halina hadithi. Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi inachukua kama saa nne. Mkenya hahitaji kuomba viza mapema. Magari yanapita kushoto kama kwetu, kwa hiyo unaweza kukodi gari uwanjani na kuondoka bila kujifunza upya mzunguko. Kiingereza kinaeleweka, Kifaransa kinaeleweka zaidi, na wenyewe kwa wenyewe wanazungumza Krioli.

Maji ni yale niliyoyaeleza, ya beseni. Flic en Flac, Mont Choisy, Trou aux Biches, Belle Mare: mtoto wa miaka mitano anaingia mpaka kiunoni na wewe umekaa. Fukwe za umma ni za kila mtu, na Jumapili familia zinafika na masufuria ya biriani, wanatandika chini ya mivinje na kukaa mpaka jioni. Hapo ndipo nilipoipenda Morisi, si hotelini. Hotelini unaweza kumaliza siku tano ukala chakula cha nchi sita na usile dholl puri hata moja, ilhali dholl puri ya kando ya barabara, chapati laini ya dengu iliyokunjwa na mchuzi wa maharagwe na pilipili, ndiyo sababu tosha ya kushuka kwenye ndege.

Na volkeno je? Ipo, ila ni kaburi. Katikati ya mji wa Curepipe kuna kreta, yaani mdomo wa volkeno, inayoitwa Trou aux Cerfs. Nyumba za watu zimeizunguka, watu wanafanya mazoezi ya asubuhi kwenye ukingo wake, na chini kuna kidimbwi na miti. Mtu aliyesimama ukingoni Longonot atatazama kwa adabu na kurudi garini. Grand Bassin, ziwa ndani ya kreta nyingine, lina uzito tofauti: Wahindu wa kisiwa hicho wanakwenda huko kwa miguu wakati wa Maha Shivaratri. Kule Chamarel kuna ardhi ya rangi nyingi, lava ya zamani iliyooza ikawa udongo mwekundu, wa zambarau na wa manjano. Huruhusiwi kuikanyaga, unatazama ukiwa nyuma ya uzio, kama duka la vyombo.

Kilele kirefu kuliko vyote kina mita 828 tu. Nairobi yenyewe iko juu zaidi ya mara mbili. Shemeji aliposikia hilo alifunga daftari.

Pahali pamoja pana mlima wa kukunyamazisha, lakini si kwa moto. Le Morne, mwamba wa mita 556 uliosimama peke yake kusini-magharibi, ulikuwa maficho ya watumwa waliotoroka, wengi wao wa kutoka Madagaska, Msumbiji na pwani yetu hii. Masimulizi ya kwao yanasema utumwa ulipofutwa mwaka 1835, askari walipanda kuwapelekea habari ya uhuru, nao wakidhani askari wamekuja kuwakamata wakajirusha. Tangu 2008 UNESCO imeuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Sasa chini yake kuna watu wanaoteleza juu ya maji kwa tiara kubwa za rangi. Nilikaa pale saa nzima nikitazama juu, nikitazama chini.

Reunion: mlima ulio kazini

Reunion ni mkoa wa Ufaransa. Si koloni lililopata uhuru, si nchi rafiki. Tangu 1946 ni mkoa kama mikoa mingine ya Ufaransa, uliowekwa Bahari ya Hindi. Ukilielewa hilo utaelewa bei, utaelewa barabara nzuri, na utaelewa kwa nini nilikwama.

Nilikwama hivi. Nilikuwa na viza ya Schengen, ile moja inayokupitisha nchi nyingi za Ulaya, kwenye pasipoti, imebaki miezi miwili. Ajenti wa safari, ambaye jina lake nitalimeza, akaniambia, "Reunion ni Ufaransa, wewe panda tu." Nikapanga foleni pale uwanja wa ndege na begi langu, binti wa kaunta akaigeuza pasipoti mara tatu, akamwita mkubwa wake. Reunion haimo ndani ya Schengen. Viza lazima iwe imetolewa kwa ajili ya huko au iandikwe wazi kwamba inafanya kazi huko. Nilirudi mjini kwa matatu ile ile niliyoijia, na tiketi haikurudishwa. Safari niliifanya baada ya miezi mitatu, kwa viza sahihi, nikipitia Morisi kama wengi wafanyavyo. Kutoka hapo ni dakika kama 45 hewani.

Pamoja na hayo nasema ukweli: sijaona kitu kama Piton de la Fournaise.

Kinachomtofautisha na volkeno nyingine ni kwamba anafanya kazi mara kwa mara na kwa upole wa aina yake. Ni mmoja wa milima inayotema lava mara nyingi zaidi duniani. Mwaka mwingine hulipuka zaidi ya mara moja, kisha hunyamaza miezi na miezi. Lava yake ni nyepesi, inatiririka badala ya kurusha mlima hewani, na karibu kila mara hutokea ndani ya bonde kubwa lisilokaliwa na watu. Akianza, serikali inafunga njia za miguu na watu wa kisiwa wanapakia chakula, wanakwenda kusimama mbali usiku kutazama. Kwao ni kama sisi na mechi.

Mimi sikubahatika na moto. Lakini niliamka saa tisa usiku, tukaendesha kupanda mpaka uwanda wa Plaine des Sables, na jua lilipochomoza tukajikuta kwenye nchi isiyo na jani, nyekundu na nyeusi, barabara ya vumbi ikikata katikati. Kutoka hapo ni mpaka Pas de Bellecombe, ukingoni mwa bonde la volkeno, zaidi ya mita 2,300. Kulikuwa na baridi ya kung'ata. Jaketi langu la Gikomba, ambalo Nairobi hudharauliwa, siku hiyo liliombwa na Mfaransa. Unashuka ngazi ndefu ukutani mwa bonde, unapita kijilima chekundu cha Formica Leo kilichozaliwa mwaka 1753, kisha unafuata alama za rangi nyeupe zilizopakwa juu ya mawe, maana ukungu ukikukuta bila alama hizo hutajua wapi ni wapi.

Hapo ndipo nilipopiga magoti kutazama jiwe. Umewahi kuuacha uji upoe ukafanya utando, kisha ukausukuma utando kwa kijiko ukakunjamana? Lava imeganda hivyo hivyo, mikunjo kwa mikunjo, mingine myembamba kama kidole, inang'aa kama mafuta. Ukiigonga kwa fimbo inalia kama chungu kitupu. Kwenda ukingo wa kreta ya Dolomieu na kurudi ni kama saa tano. Kreta hiyo yenyewe iliporomoka mwaka 2007, sakafu ikashuka karibu mita 300 ndani ya siku chache, baada ya lava nyingi kutoka ubavuni na kukata barabara kuu mpaka baharini. Saa nne asubuhi ukungu ulipanda na pazia likafungwa. Anayeamka saa mbili ameukosa mlima.

Chini, kando ya barabara ya pwani ya mashariki, kuna kanisa la Piton Sainte-Rose. Mwaka 1977 lava ilifika mlangoni, ikagawanyika, ikalizunguka na kuliacha. Bado mkondo mweusi umeegemea kuta.

Na huo ni mlima mmoja tu. Katikati ya kisiwa kuna Piton des Neiges, zaidi ya mita 3,000, uliolala, na mabonde matatu yaliyochimbika kuuzunguka: Cilaos, Salazie na Mafate. Mafate haina barabara. Watu wanaishi huko na shule zao na maduka yao, na kila kitu kinafika kwa miguu au kwa helikopta. Kwa anayependa kutembea, wiki mbili hazitoshi.

Sasa bahari. Dada asome hapa taratibu. Reunion ina ukuta wa matumbawe upande wa magharibi tu, L'Ermitage na jirani zake, na ndani ya ukuta huo unaogelea vizuri. Nje yake, tangu 2013, kuogelea na kuteleza kwenye mawimbi kumepigwa marufuku sehemu kubwa ya pwani isipokuwa pale penye ulinzi, kwa sababu ya papa waliojeruhi na kuua watu. Kisiwa kichanga, maji marefu karibu na nchi kavu: ni umri ule ule.

Chakula hakitakupa shida. Wali, maharagwe, soseji au kuku kwenye mchuzi wa nyanya na manjano, na pembeni rougail, ambayo ni kachumbari iliyokasirika.

Ngazija: mlima ulio na majirani

Saa mbili hivi za ndege kutoka Nairobi, Kenya Airways, na saa ya mkononi hubadilishi. Ukikaribia kutua Hahaya utaona kwanza weusi: lava imeshuka kutoka juu mpaka baharini, na uwanja wa ndege umewekwa kandokando yake. Juu ya yote, Karthala, mita 2,361, kichwa ndani ya mawingu.

Jambo la Ngazija ambalo Mnairobi hatalipata Morisi wala Reunion ni kuelewa nusu ya kinachosemwa. Kingazija ni ndugu wa Kiswahili. Si lahaja yake, usiwaambie hivyo watakukasirikia, lakini ni ndugu wa tumbo moja. Sokoni Volo Volo, Moroni, nilinunua samaki kwa mama mmoja wa makamo. Nikahesabu naye, mbili ni mbili, nne ni nne. Nilipompa pesa akaniambia, "Marahaba." Nikasimama kama nguzo. Kichwani mwangu nilikuwa sijamwamkia bado, na hapo hapo nikaona aibu, nikasema, "Shikamoo, mama." Akacheka mpaka akaweka kisu chini. Kwao marahaba ndiyo asante. Samaki niliongezewa mkia.

Hicho ndicho unachokwenda kutafuta Ngazija. Hoteli ni chache, na ile kubwa ya ufuoni iliyokuwa Galawa ilifungwa zamani. Fukwe nzuri zipo, Chomoni upande wa mashariki ambako mchanga mweupe umelala katikati ya mawe meusi, na kaskazini kule Mitsamiouli na Bouni. Lakini ni vipande, si maili na maili. Niliingia majini Chomoni na ndara za mpira za Bata nikijiona mjanja. Nilipotoka, moja ilikuwa imechanwa kisigino kizima na mwamba, safi kama wembe. Beba viatu vya kufunga.

Halafu kuna maji ya kunywa, jambo lililonifundisha kisiwa kichanga ni nini kuliko kitabu chochote. Ngazija inanyeshewa mvua nyingi, lakini haina mto unaotiririka mwaka mzima. Jiwe lake ni jipya, lina matundu, linakunywa kila tone. Kijijini kwa shemeji zetu kila nyumba ina birika la saruji linalokusanya maji ya paa, na ndoo iliyofungwa kamba. Ukichota unachota kwa kipimo, mtoto akimwaga anaangaliwa kwa jicho. Karthala ilipolipuka Novemba 2005, jivu lilianguka juu ya mapaa na kuingia ndani ya mabirika hayo, watu wakakosa maji huku wamezungukwa na bahari. Mlima haukumuua mtu kwa moto siku hiyo, uliingia jikoni. Mwaka 1977, ule ule ambao lava iliacha kanisa Reunion, hapa ilipita kijiji cha Singani na kuchukua nyumba. Watu walirudi wakajenga juu yake.

Karthala hupandwa kwa mwongoza njia, kwa siku moja ndefu au kwa kulala juu. Usiulinganishe na Longonot kwa kuangalia mita. Longonot ina mita 2,776, ndiyo, lakini getini umeshafika zaidi ya 2,000. Kule unaanzia karibu na bahari, kijiji cha Mvouni juu ya Moroni, unapita mashamba ya ndizi, msitu, kisha vichaka, na maji yote unayokunywa ni uliyoyabeba mgongoni. Juu kuna kreta ya kilomita kama tatu kwa nne. Hakuna ngazi, hakuna alama nyeupe, hakuna mgahawa. Mara ya kwanza tulikuwa watu watano juu ya mlima mzima.

Mambo mengine kwa haraka. Jumba la makumbusho la Moroni lina gombessa aliyekaushwa, yule samaki aliyedhaniwa ameisha duniani zamani za kale mpaka akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, kisha Komoro mwaka 1952. Ikoni ina jabali ambalo wanawake wanasemekana walijirusha wasichukuliwe na wavamizi wa Kimalagasi. Baada ya Le Morne sikutaka kusimama pale muda mrefu. Vanila ya huko inachavushwa kwa mkono, ua kwa ua, kwa mbinu aliyoivumbua mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, huko Reunion mwaka 1841. Visiwa hivi vinajuana.

Vaa kama uko Lamu mjini, si kama uko Diani. Pombe iko hotelini tu, na si zote. Na Julai na Agosti ni msimu wa harusi kubwa, ada, Wangazija wa Ufaransa wanarudi kwa maelfu. Ndege zinajaa na vyumba vinapanda. Ila ukialikwa kwenye ada, usikatae hata kama ulipanga kupanda mlima.

Kwa mweka hazina

Ghali kuliko zote ni Reunion. Bei ni za Ufaransa, unalipa kwa yuro, na bila gari la kukodi utaona nusu ya kisiwa. Tena huko wanaendesha kulia. Nafuu yake ni nyumba za wageni za milimani na chakula cha kando ya barabara. Morisi inategemea wewe: kuna vifurushi vya hoteli na ndege vinavyouzwa hapa mjini ambavyo hesabu yake unaijua kabla ya kuondoka, na kuna nyumba za kupanga zenye jiko ambazo kwa watu wanane ni akili zaidi. Ngazija ni rahisi kwa kulala na kula, lakini tiketi si rahisi kama umbali unavyokudanganya. Beba yuro taslimu, noti safi. Kadi ya benki usiitegemee. Viza ya Komoro unaipata ukifika.

Afya: kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti, kwa kuwa Kenya imo kwenye orodha ya nchi zinazoulizwa. Malaria iko Ngazija. Mwone daktari wiki mbili kabla. Morisi na Reunion hazina shida hiyo.

Msimu ndio utakaotugombanisha. Wenye watoto wanataka Desemba, lakini kuanzia Novemba hadi Aprili ni msimu wa vimbunga kusini huko, na Januari mpaka Machi ndiyo miezi mibaya zaidi. Januari 2024 kimbunga Belal kilipiga Reunion na kufurisha mitaa ya Port Louis kule Morisi. Februari 2025 Garance kikaipiga Reunion tena. Ngazija iko kaskazini zaidi na hukoswa mara nyingi, ingawa Kenneth kilipita karibu mwezi wa Aprili 2019. Agosti, upepo wa kusi, kote kunakuwa kukavu na kwa raha. Ukienda Morisi Agosti lala kaskazini au magharibi, maana mashariki upepo hautulii. Reunion lala magharibi, kwa kuwa mashariki ni mvua.

Na wasio na pasipoti

Wawili kwenye chama hawana, na foleni ya pasipoti mnaijua. Kwao kuna Kisiwa cha Kati, ndani ya Ziwa Turkana. Usicheke. Ni volkeno kamili, kina maziwa matatu ndani ya kreta tatu, na jua lake halina mfano. Ndege mpaka Lodwar, gari mpaka Kalokol, kisha boti asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka. Kuogelea sahau: mamba ndio wenye kisiwa, na mojawapo ya maziwa hayo linaitwa kwa jina lao. Hakuna hoteli wala kivuli. Nililala ng'ambo, bara, kwenye mchanga, na usiku upepo ulikuwa na joto kama pumzi ya tanuri.

Tulipiga kura Jumapili iliyopita. Dada na wenye watoto wamelipia Morisi, wiki ya pili ya Agosti mwakani, Trou aux Biches, nyumba yenye jiko. Shemeji ameanza kukusanya karatasi za viza ya Reunion, na safari hii nimezisoma mimi mwenyewe kabla hajazipeleka ubalozini. Mimi nimempigia simu mama mdogo Mombasa. Kuna binamu wa mume wake anayefanya ada Agosti hiyo hiyo, Mitsamiouli, na ameniambia nisije na ndara za mpira.